Siku Tulipokaa Matanga ya Dawa

Mpendwa Baba Yusta,

Nakuandikia nikiwa nimekaa upande wako wa kitanda, maana wangu unapigwa na jua saa hizi na wewe wa kwako huutumii tena. Usinune. Mpunga umeanza kutoa masuke, ndege wamekuja kama kawaida yao, na Yusta ndiye anayeshinda shambani kuwafukuza, akipiga kelele kwa sauti yako ile ile ya kukwaruza. Wanaopita njia ya Idete wananiambia, "Mama Yusta, leo tumemsikia mzee." Nawajibu kwamba mzee amepumzika, yule ni binti yake.

Nataka kukusimulia yaliyotokea Jumapili kwenye mkutano wa chama. Ila barua hii nimeiacha wazi, watasoma na wasiotujua, basi univumilie nikikueleza na mambo unayoyajua kuliko mimi.

Chama chetu cha kuzikana kilianzishwa na wazee waliotoka Mahenge, nawe ukachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ulikuwa na sauti kubwa na mkono usiodokoa. Kila mavuno kila nyumba ilileta debe la mpunga kwenye ghala. Mtu akifa, mpunga unauzwa, jeneza linapatikana, waombolezaji wanakula. Wasukuma walipohamia na ng'ombe wao wakaomba kujiunga, wapo walionuna. Ukawauliza kama sisi tutachimbiwa kaburi la Kipogoro na wenzetu la Kisukuma, watu wakacheka, wakapokelewa.

Masanja alikuwa mmoja wao, na ndiye jirani yetu mpaka leo. Unaikumbuka siku mkewe alipozidiwa, homa na kuishiwa damu, zahanati wakasema apelekwe Ifakara haraka. Masanja ng'ombe anao, hilo nani asiyelijua. Lakini ng'ombe hageuki hela mpaka siku ya mnada, na mnada ulikuwa bado. Akazunguka nyumba kwa nyumba kukopa. Kwetu tulimpa tulichokuwa nacho, hakikutosha hata gari. Alipomfikisha mkewe hospitali, walikuwa wamechelewa.

Chama kilifanya kazi yake vizuri mno. Jeneza lilikuja na vanishi inayong'aa, wali ukapikwa, watu wakashiba. Ulipopewa nafasi ya kushukuru kule makaburini nilidhani utasema yale ya siku zote. Badala yake ukasema, "Jamani, jeneza hili ni zuri. Mpunga uliolinunua ulikuwa ghalani wakati Masanja anahangaika kutafuta gari. Ufunguo ninao mimi, na katiba yetu inasema nifungue mtu akishakufa."

Wakati wa kurudi sikukusemesha njia nzima. Ulidhani nimekasirika, kumbe nilikuwa najivunia mume wangu mpaka machozi yananilenga, na kwa jinsi nilivyokujua ungenitania.

Mavuno yaliyofuata ukaleta hoja yako: nusu ya mpunga wa chama ilipie kila nyumba kadi ya bima ya afya. Mzee Onesmo akasimama. Alisema kulipia ugonjwa ambao haujaja ni kujichuria. Ukamwamkia kwanza, kama mtu mwenye adabu zake, kisha ukamuuliza, "Na jeneza tunalolilipia kila mwaka tukiwa wazima, hilo mzee si uchuro?" Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, ingawa hoja ilipopigiwa kura na kupita, yeye mkono hakunyoosha.

Aliyekunyima usingizi hakuwa Mzee Onesmo, alikuwa yule mwalimu kijana wa shule yetu. Alisema matibabu ni haki, kila gunia tunalouza linakatwa ushuru, na tukianza kujilipia wenyewe serikali italala. Siku kadhaa ulikuwa ukipalilia huku unabishana naye peke yako, mpaka Yusta akaniuliza kama baba ana malaria. Mwishowe ulimfuata shuleni ukamwambia, "Mwalimu, uko sahihi, na hilo tutalidai mimi na wewe. Lakini mke wa Masanja hakufa kwa kukosa hoja." Mkawa marafiki. Na kweli mlidai. Kila wakubwa walipokuja kuhubiri bima kwa wote, mlisimama na swali moja: asiye na debe wala ng'ombe, yeye atalipiwa na nani? Ilifika mahali wakikuona tu umeinuka, wanaangalia saa zao.

Kadi tukapata. Dawa sasa. Mtu anafika zahanati na kadi yake mpya, anaandikiwa dawa, anaambiwa hazipo, akanunue dukani. Wanachama wakaanza kudai mpunga wao urudi, na mimi sikuwalaumu. Ulikwenda wilayani ukaambiwa linafanyiwa kazi. Ukaenda tena, ukaambiwa subiri. Ukarudi nyumbani, ukanywa maji, ukasema, "Mama Yusta, toa sufuria za msiba."

Nikakuuliza nani amekufa. Ukasema nitajua huko huko.

Basi tukatandika mikeka mbele ya zahanati. Wanaume mkakaa upande wenu mmejiinamia, sisi tukapanga mafiga na kuwasha moto. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo wakavua kofia. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara alianza kulia tangu mbali, unga kichwani, na alipofika akashika mkono wako akauliza ni nani huyo tena. "Dawa, mama," ukamjibu kwa upole kabisa. "Zimetutoka." Yule mama akanyamaza, akakutazama usoni, akautua unga wake akaketi. Tulisonga ule unga. Mpaka mchana uwanja ulikuwa umejaa, na nesi wa zahanati, maskini, ambaye ndiye aliyechoka kuliko sote kusema hakuna, alituletea maji ya kunywa.

Habari zikafika wilayani kwamba kuna msiba mkubwa. Gari likaja. Bwana mkubwa wa wilaya akashuka na uso wa simanzi, akatupa mkono mmoja mmoja, "Poleni sana, poleni sana," akavua viatu akakaa mkekani. Hapo ndipo nilipoitambua akili ya mume wangu. Ofisini angekuambia ana kikao. Lakini nani katika bonde hili anaketi msibani halafu anaondoka kabla ya mazungumzo? Ukamsubiri ale. Kisha ukasema, "Mheshimiwa, mgonjwa alipokuwa mgonjwa mlitutumia salamu. Amekufa mmekuja na gari. Tunashukuru, sasa utaratibu tumeuelewa."

Uso ulimshuka, lakini nitamsifia kwa hili, hakukasirika. Alimwita nesi, akaandika kila kinachokosekana, akapiga simu pale pale huku sote tunasikiliza. Dawa zilikuja. Si zote, ila zilikuja, na tangu siku ile rafu zikianza kuwa tupu mtu anauliza kwa sauti kama tutoe sufuria, na simu zinapigwa. Jioni ile ulirudi umebeba sufuria kubwa kichwani kama mwanamke, unapiga mluzi, na mimi nyuma yako nilikuwa natembea kama mke wa waziri.

Kisha ukaugua wewe. Sitaki kukaa sana hapa. Miguu ilivimba, na siku hiyo hiyo tulikuwa Ifakara, kadi mkononi, bila kuuza hata kuku. Wakakulaza, wakakupima, wakakupa dawa. Ulikuwa ukiwaelezea wenzako wa wodini habari za chama mpaka nesi akakuomba upumzike. Nilidhani tutarudi wote. Figo zikagoma kabisa, ukaenda.

Sasa hiyo Jumapili. Tulikutana baada ya kuanua matanga yako, na Mzee Onesmo akaomba nafasi. Aliongea kwa heshima, sikuona ubaya moyoni mwake. "Mwenyekiti wetu kadi alikuwa nayo," alisema. "Dawa alipata. Na tumemzika. Mimi naona mpunga wote urudi kwenye majeneza, maana jeneza ndilo lisilokosea." Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, mmoja mmoja. Nikaona kazi yako yote inakwenda hivi hivi mbele ya macho yangu, kwa kutumia kifo chako mwenyewe.

Unajua mimi si msemaji. Mikutano yote ile nilikuwa wa kupika. Lakini nilijikuta nimesimama, kanga nimeishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo Mzee Onesmo."

"Marahaba mwanangu."

"Ni kweli amekufa," nikasema. "Lakini siku alipougua ndiyo siku aliyoonwa na daktari. Alichotakiwa kupewa alipewa. Kilichobaki kilikuwa cha Mungu, na mimi na Mungu tutamalizana. Ila mzee, mimi sijiulizi kama ningeuza mpunga mapema. Sijiulizi nani angenipa gari. Usiku nalia, halafu nalala."

Nilikuwa bado natafuta la kuongeza nilipomwona Masanja ananyanyuka kule nyuma. Mtu asiyesema huyu, miaka yote hii anasalimia na kupita. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mimi bado najiuliza." Akakaa.

Basi, hakukuwa na mjadala tena. Mikono ilipohesabiwa, Mzee Onesmo alinyoosha wa kwake juu kabisa, akiangalia chini. Mpunga utaendelea kulipia kadi, mwalimu ataendelea kudai ya wasio na debe, na mimi wamenipa kiti chako, ambacho sikukiomba na sitakiachia.

Nakulilia, Baba Yusta. Lakini ninapolia nakulilia wewe tu, sina jambo jingine lolote ninalolilia humo ndani. Hiyo ndiyo zawadi uliyoniachia, na ndiyo ninayotaka kila mjane wa bonde hili aipate.

Pumzika, na usiwachoshe wenzako huko kwa habari za chama.

Mkeo anayetembea kifua mbele kwa ajili yako,
Mama Yusta