Soksi Mbili Mbili

Jumatatu, 12 janvier

Uji. Kuchana nywele. Nikamuvalisha mutoto wangu Furaha soksi mbili mbili kama kila asubuhi, sababu ya bwana anakaa étage ya chini yetu. Tukigusa chini kwa nguvu, anagonga plafond yake, chini ya miguu yetu, na fagio. Leo hakugonga. Asante Mungu.

Barua mbili za mwenye nyumba ziko mu kabati. Kelele, kelele. Ya tatu ikifika, tunatoka. Hii nyumba ya Laeken, huku Ulaya, niliingojea miaka minne. Papa wa Furaha angali Bukavu anangoja visa. Tukitolewa, atakuja wapi?

Furaha ako na miaka nane. Hajaruka humu ndani hata siku moja.

Jumatano, 14 janvier

Infirmière, muuguzi wa ku masomo ya Furaha, aliniita. Akamutembeza Furaha mbele yangu. Anatembea na vidole. Visigino havigusi chini. Mishipa ya nyuma ya miguu inaanza kufupika, ndio maana anachoka, anaanguka, hakimbii na wenzake. Ikiendelea hivi, watamupasua.

Akauliza alianza lini. Nikasema sijue.

Nilidanganya. Furaha aliniangalia, akanyamaza. Kunyamaza pia ni mimi nilimufundisha.

Akanipa karatasi. Kila jumamosi mu salle, ukumbi wa masomo, familia zinakimbia na kucheza pamoja, bure. Bamama wa Amérique latine ndio walianzisha, sababu batoto wao pia wanashinda wamefungiwa mu nyumba. Chini wameandika: muzazi haachi mutoto na kwenda. Muzazi anacheza pia.

Mimi, kuruka mbele ya bantu?

Jumamosi, 17 janvier

Nilivaa kikwembe, kitenge changu cha misa. Nikabeba mandazi, huwezi kufika kwa bantu mikono mitupu. Bon, aibu tupu. Bamama wote mu pantalon, suruali za sport. Nikasukuma mandazi chini ya benchi. Lakini Maman Luz wa Ecuador, ule anaongoza, aliyaona. Akafungua sakoshi yake: empanadas, kama sambusa za kwao, zinatoka mafuta. Tulicheka mpaka machozi.

Kisha wakakimbia. Batoto makumi mbili, salle inatetemeka. Furaha wangu anapita katikati yao bila sauti. Kama hayuko.

Nilibaki ku benchi, nashika makoti ya bantu. Maman Luz alinivuta mara tatu. Nikakatala. Akamuangalia Furaha, akacheka: « Maman, nani alimufundisha huyu kutembea kama mwizi? »

Nikachukua mutoto, nikaenda. Mandazi nikayaacha.

Hasira. Nilikuwa na hasira mpaka gare ya treni, Gare du Nord, na haikukuwa njia yetu.

Jumapili, 18 janvier

Misa ku Matonge, mtaa wa bantu wetu huku. Hata ngoma ya kwaya, Furaha anaicheza na vidole vya miguu. Pale hakuna muntu wa chini.

Jioni nilipanguza viatu vyangu. Mbele soli imeisha, karibu itoboke. Nyuma, kisigino bado kipya kama siku nilinunua.

Nikakaa chini navyo mu mikono. Sikujua, na mimi pia.

Jumatano, 21 janvier

Furaha alianguka ku escalier, ku ngazi. Goti limevimba. Nikamuwekea barafu, akaniuliza pole pole: « Maman, bwana wa chini akikufa, nitaweza kutembea? »

Nikamwambia muntu hasemi vile. Nikaingia mu douche, nikafungua maji, nikalia.

Jumamosi, 24 janvier

Tulirudi. Nilivaa pantalon ya kulalia, ndio niko nayo.

Maman Luz akaanza kuomba pardon. Nikamukata maneno. Nikasema mbele ya Furaha: ni mimi nilimufundisha kutembea vile. Soksi mbili mbili, miaka tatu. Na infirmière nilimudanganya.

Hakucheka. Akasema mutoto wake wa kwanza, wakati hawana papiers za kukaa hapa, alimufundisha asikohoe, bantu wasisikie.

Kisha akanishika mikono miwili. « Alors, maman. Kisigino! Chini! »

Nikapiga. Sauti ile! Furaha aliniangalia kama nimevunja sahani. Nikapiga tena. Akaweka kisigino chake, pole pole. Kilimuuma, akalia. Akaweka kingine.

Jasho. Magoti yananiuma hata sasa. Na woga haujaenda.

Jumatatu, 26 janvier

Ku masomo nilipita kwanza kwa infirmière, nikasema kweli yote. Aliandika. Hakunikemea. Akasema kila siku Furaha atembee hatua kumi na visigino, nyumbani pia.

Nyumbani pia.

Boîte ya barua niliifungua. Hakuna barua. Leo.

Jioni nikamuvua soksi. Kutoka jikoni mpaka mulango. Alihesabu mwenyewe. Ku hatua ya sita, fagio ikagonga.

Furaha akasimama na muguu mu hewa, akaniangalia. Niliona ile kabati, zile barua.

Nikasema: « Saba. »