Alinipita au Nilimpisha

Hayes, London
15 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, amerudi asubuhi hii macho mekundu, maana siku hizi wamempanga zamu za usiku pale kwenye nyumba ya wazee. Mgongo wake ndio ule ule. Goti lako je? Na bibi anakula?

Naandika kwa mkono halafu nakupigia picha, sheria ya mama. Anasema nikiacha kuandika Kiswahili nitakuwa kama watoto waliozaliwa hapa, unawasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza huku wanaangalia simu.

Baba, nina habari, usicheke. Ule mpira ninaocheza shuleni, wa Kimarekani, wenye umbo la yai, kocha anasema unaweza kunipeleka chuo kikuu Marekani, ada walipe wao. Kazi yangu ni kupiga kwa mguu tu. Wenzangu wanagongana saa nzima, mimi nimesimama pembeni na koti. Naitwa, napiga mpira upite katikati ya nguzo mbili, narudi kuvaa koti. Wananiita mtalii.

Mpira wenyewe hausimami. Lazima mtu apige goti aushikilie kwa ncha ya kidole. Huyo ni Riyadh, kwao Mombasa, wanakaa Southall. Sisi wawili tunaita kazi yake mshikaji, na ndiye mshikaji wangu kweli. Naupiga kwa nguvu zangu zote karibu kabisa na vidole vyake na hajawahi kuvuta mkono. Kila siku ananiambia kwa Kimombasa chake, "Piga wewe, mimi sendi popote."

Mwezi wa kumi na moja anakuja mtu wa chuo kimoja cha Kansas kuniangalia. Nikimridhisha nimepata chuo. Nisipomridhisha, ni kupakia mizigo maghalani huko karibu na uwanja wa ndege kama kila mtu hapa mtaani. Niombee.

Mwanao,
Godson


Moshi
22 Septemba 2024

Mwanangu Godson,

Marahaba. Huku tupo. Bibi anakula kama fundi wa ujenzi na bado analalamika kwamba hapewi chakula. Goti langu limekataa ngazi kabisa, vipuri vyote vya pikipiki nimevihamishia rafu za chini, wateja wanadhani nimefilisika.

Nimecheka, nisamehe. Mtoto wa Thadei kusomeshwa bure kwa sababu ya kusimama na koti! Nilimwambia Samson, yule fundi wa jirani, akaniuliza mpira wa yai unadundaje. Nikamwambia akawaulize wenyewe. Lakini nikafunga duka mapema, nikaenda kanisani peke yangu kushukuru.

Hilo neno mshikaji silipendi. Washikaji ninaowajua mimi ni hawa wanaokalia kreti zangu za soda tangu asubuhi. Huyo Riyadh kama ni kijana wa maana, sawa.

Sasa nisikilize. Hili goti sijawahi kukueleza vizuri. Nilikuwa beki. Mchezo wa mwisho kabla ya usajili, mtu alimpita rafiki yangu Lawrence, mimi nikajitupa kumfunikia aibu yake. Lawrence akasajiliwa Dar. Mimi nikabaki na goti hili na fimbo ya kutembelea. Hajawahi kuja kunijulia hali, hata mara moja.

Kwa hiyo linda mguu huo. Kazi yako ni kupiga, umepiga basi, umemaliza. Mtu akija na mbio zake mpishe. Wenye kazi ya kugongana wapo. Niahidi.

Baba yako,
Thadei


Hayes
6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Hapa baridi imeanza, mama amenunua blanketi la umeme halafu anaogopa kuliwasha. Afya zetu nzuri.

Kuna wakati mmoja tu ambapo sina koti. Tukianzisha mchezo naupiga mpira mbali, mpinzani anaudaka na kukimbia nao kuja kwetu. Wenzangu kumi wanamzuia. Akiwapita wote nabaki mimi, mtu wa mwisho. Kocha anasema nimzuie, au angalau nimzibie njia mpaka wengine wafike. Lakini umesema, na mimi sitaki kuwa na goti kama lako, samahani kusema hivyo. Naahidi. Mguu huu hautaguswa na mtu.

Mwanao,
Godson


Moshi
24 Novemba 2024

Mwanangu,

Hamjambo? Sisi tuko salama, ila mvua imeingia dukani.

Yule mtu wa Kansas alikuja? Samson anauliza, padri anauliza, hata wale wa kreti za soda wanauliza. Nikimpigia mama yako anasema umelala. Saa kumi jioni umelala. Niandikie hata mistari miwili.

Baba yako


Moshi
22 Desemba 2024

Godson,

Kama wamekukataa, sema. Mimi si mtu wa kumcheka mwanangu. Nilikucheka Septemba kwa sababu nilifurahi, na wewe unajua. Mama yako ananiambia, "Mwache kwanza." Nimwache aende wapi? Bibi amekuombea kwenye jumuiya mpaka majirani wanadhani unaumwa.

Krismasi njema. Niandikie.

Baba yako


Hayes
12 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na hilo ndilo tatizo.

Jumapili moja kabla ya yule mtu kuja tulikuwa na mchezo. Nilianzisha, mpira ukaenda mbali vizuri. Kijana wao akaudaka, akawapita wenzangu wote upande wa kushoto, akaja moja kwa moja kwangu. Hakunizidi mbio, baba. Nilikuwa nimeshamkalia njia. Nikakumbuka Kansas, nikakukumbuka wewe, nikasogea pembeni kama unavyompisha mtu mwenye mzigo mlangoni.

Riyadh alikuwa ameshapitwa naye, anakuja mbio kutoka pembeni. Akajitupa kunifunikia. Kichwa chake kiliingia kwenye nyonga ya yule kijana, nikasikia mlio. Yule kijana akainuka. Riyadh hakuinuka. Nilipiga magoti, nikamshika mkono, akaniambia, "Godson, nishike mkono basi." Nilikuwa nimeushika.

Ni shingo. Yuko hospitali ya watu wa uti wa mgongo, nje ya London. Miguu haisogei kabisa. Mikono inainuka kidogo lakini vidole havifungi.

Yule mtu wa Kansas alikuja Jumamosi iliyofuata. Nilidhani nitaomba udhuru, nikaenda. Waliniwekea kichuma cha kushikilia mpira mahali pa Riyadh. Nilipiga yote, hakuna hata mmoja uliokwenda nje. Nilikuwa natamani angalau mmoja uende nje, mguu ukakataa. Wamenipa nafasi. Ada yote.

Mama anajua. Wewe sikujua nikuambieje.

Godson


Moshi
13 Januari 2025

Mwanangu Godson,

Pole. Pole sana, na pole kwa wazazi wa huyo kijana. Nimesoma barua yako nimesimama, nikatafuta kreti nikakaa.

Lakini sasa nisikilize mimi baba yako. Hukumsukuma mtu. Hukumtuma ajitupe. Mchezo una watu kumi na mmoja, kwa nini mzigo uwe wako? Ulifanya nilichokuagiza, na mguu wako uko mzima, na chuo umepata. Ungemzuia wewe, leo huenda mimi ndiye ningekuwa nalia. Sitakudanganya kwamba ningependa hivyo.

Usiende kujieleza kwa mtu yeyote. Mambo haya hupoa.

Baba yako


Hayes
2 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mama ana mafua, mimi sijambo.

Jana nilikwenda kumwona Riyadh. Nilikuwa nimeshindwa miezi mitatu. Mama yake alinikumbatia pale mlangoni, akanipa mahamri kwenye mkebe nimpelekee mama, akawaambia wauguzi kwamba mimi ndiye niliyekaa na mwanawe uwanjani mpaka gari la wagonjwa likafika. Nilitaka ardhi inimeze.

Riyadh amekonda. Anachekesha bado. Anasema sasa yeye ndiye mtalii. Halafu akasema hakumbuki chochote cha siku ile, anakumbuka nikipiga mpira tu, baada ya hapo giza. Wenzetu wamemweleza kila mmoja na lake. Anataka nimweleze mimi, kwa Kiswahili, taratibu, ilikuwaje. Anasema akishajua atalala.

Nikasema tumbo linaniuma, nitakuja baada ya wiki mbili. Baba, nataka kumwambia. Mama anasema niamue mwenyewe. Wewe unasemaje?

Godson


Moshi
3 Machi 2025

Godson,

Bibi anakusalimu, hajui lolote.

Umeniuliza, nami nakujibu kama baba. Ukimwambia ulimpisha yule mtu, vidole vyake vitafunga? Atapata nini? Atapata chuki juu ya kitanda, na wewe utapata jina baya mpaka Kansas. Kijana anataka kulala. Mpe usingizi.

Mwambie, "Alinipita." Basi. Alinipita, nilimpisha, ni tofauti ndogo tu mdomoni. Nani ataipima? Mtu hupitwa. Mimi mwenyewe nilipitwa mara ngapi.

Sema hivyo, mshike bega, rudi nyumbani usome. Usiongeze neno.

Baba yako


Hayes
16 Machi 2025

Baba,

Nimetoka kwa Riyadh sasa hivi. Sijavua hata viatu.

Nilikaa upande wa dirisha. Nilimweleza tangu mwanzo, jinsi mpira ulivyokwenda, jinsi yule kijana alivyokata kushoto. Nilipofika pale nilikwama. Neno lako lilikuwa mdomoni na langu lilikuwa mdomoni, baba, yote mawili. Alikuwa ananitazama tu, hageuzi hata shingo.

Nikasema, "Alinipita."

Akafumba macho. Akasema, "Nilijua. Wale wenzetu wamekuja hapa kuniambia ati ulimpisha makusudi kwa sababu ya Marekani. Nikawafukuza, Wallahi. Nikawaambia nyinyi hamumjui, mimi namjua." Machozi yakamtoka na hawezi kuyafuta. Nikamfutia mimi. Akaniambia nikifika Kansas nipige mmoja kwa ajili yake. Wenzetu walikuwa marafiki zake tangu utotoni na sasa hawaji tena, kwa sababu yangu.

Mama yake amenitumia ujumbe kwamba alilala hata kabla sijafika kituo cha treni. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, amepata usingizi.

Naondoka Agosti. Umenishauri mara mbili na nimekutii mara mbili. Usinishauri tena.

Godson


Moshi
12 Oktoba 2025

Mwanangu Godson,

Huku wazima, isipokuwa bibi sasa anasahau majina, ila lako bado. Mama yako ananiambia huko kuna joto, na kwamba unapiga vizuri, na kwamba umenyoa nywele zote. Namshukuru kwa kunieleza.

Hii ni barua ya tano tangu uondoke. Simu inaonyesha unazisoma. Nashukuru kwamba unazisoma.

Nilimwomba mama yako namba ya mama yake Riyadh. Nilitaka nimwambie mwenyewe kwamba maneno yalikuwa yangu, mdomo tu ndio wako. Akaninyima. Akasema, "Kijana amebakiwa na rafiki mmoja, Thadei. Unataka kumnyang'anya na huyo?" Sasa nakaa dukani na siri hii, siwezi kuitua wala kumwambia mtu. Nilikutakia mguu mzima, Godson, nikakuvunja mahali pengine.

Nitukane ukitaka. Andika neno moja baya, nitalipokea.

Watu wanakuulizia kila siku. Nawaambia unaandika kila wiki. Jana Samson akaja na kahawa yake, akakaa, akasema hebu nimsomee kidogo mtoto anasemaje. Nikachukua karatasi ya bei za matairi pale mezani, nikavaa miwani, nikamsomea: "Baba mpendwa, shikamoo. Mimi sijambo."

Baba yako,
Thadei