Nyumba Nne za Mzee Masanja

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila salamu utakasirika hata huko uliko, nakujua wewe.

Nakuandikia hapa Pito, mezani kwako, mchana, upepo unapiga bati kama kawaida ya mwezi wa saba. Nina shida, baba. Na ni shida ya kazi yako wewe, kwa hiyo sina mwingine wa kumweleza.

Kwanza habari za nyumbani. Baiskeli yako anayo baba mdogo, anakwenda nayo shambani, na breki hajatengeneza mpaka leo. Lile shamba la juu Mama ameacha mahindi, amelima ulezi kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo uliyokuwa unayacheka kwamba ni kazi ya wazee. Ulezi umekubali, usiniulize zaidi. Nguo zako ziligawiwa siku ya arobaini. Koti la mvua tu ndilo Mama alikataa kulitoa, akasema atalivaa yeye. Hajalivaa hata siku moja.

Mimi nipo mwaka wa mwisho. Uliniacha nikilia kwamba somo la uwezekano litaniua. Halikuniua. Chuo cha takwimu ni kile kile nilichokusimulia, nchi chungu nzima kwenye darasa moja: kulia kwangu anakaa Mmalawi, nyuma Msudani Kusini, mbele dada wa Zambia anayeuliza maswali mpaka mwalimu anavua miwani. Siku tuliyofundishwa kaya ni nini, wakaanza kubishana, huyu kwetu hivi, yule kwetu vile. Mimi nikanyoosha mkono kwa maringo. Nikasema baba yangu alikuwa mdadisi wa takwimu, amezunguka Rukwa yote na madodoso yake, na alikuwa akisema usihesabu milango, hesabu vyungu. Wanaokula chungu kimoja ndio kaya moja. Mwalimu akaliandika ubaoni. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa sikia alichofanya huyo huyo binti yako mwenye maringo.

Mwezi uliopita nilikuja kukusanya taarifa za utafiti wangu wa kumalizia chuo, vijiji vya kule Laela. Nauliza familia huishiwa chakula miezi ipi. Kwa Wafipa wenzetu sikupata tabu. Halafu nikaingia upande wa wafugaji, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Nikafika mji wa Mzee Masanja: nyumba nne, zizi, mbwa wakali. Nikawaamkia "mwangaluka", wakacheka matamshi yangu, mzee akanipa kigoda, nikaletewa maziwa mgando. Nikauliza maswali, akajibu yote mwenyewe. Mwaka jana mliishiwa chakula mwezi gani? Akanionyesha kihenge cha mahindi kwa fimbo, akasema, "Hapa hatujawahi kuishiwa." Nikaandika. Kaya moja, watu kumi na tisa, njaa hakuna.

Nyumba nne, baba! Na moshi ulikuwa unatoka sehemu nne, niliuona kwa macho yangu haya.

Unajua kilichoniponza? Adabu. Ile ile mliyonifundisha hapa nyumbani. Kwetu ukishapewa kiti na mwenye nyumba na akakujibu vizuri, huinuki kwenda kuchungulia jikoni kwake. Kumuuliza mke wa mtu kama ana unga, na mume kakaa pale pale, ni kumvunjia heshima. Basi nikanywa maziwa, nikashukuru, nikaenda mji wa pili nikafanya vile vile. Na wa tatu. Miji kumi na mmoja yote nimeongea na wazee watupu.

Juzi nikaenda Laela kumchukulia Mama mbegu. Pale yanaposimama mabasi mama mmoja anayeuza karanga akanishika mkono. Anaitwa Nkwimba, mke wa pili wa Mzee Masanja. Akaniambia, "Si wewe yule wa maswali? Ulikunywa maziwa ukaondoka." Nikacheka, yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kile kihenge nilichoonyeshwa ni cha bi mkubwa. Kila mama pale ana shamba lake, kihenge chake na chungu chake. Cha kwake kiliisha mwezi wa kwanza, na wanawe walishindia viazi mpaka mahindi mabichi yalipotoka. Kisha akanifungia karanga, akakataa malipo. Laiti angenitukana.

Sasa shida yenyewe. Daktari anayenisimamia utafiti chuoni, Mganda mmoja mkali sana, alikuwa ameshayasoma matokeo yangu. Akaniandikia, "Safi sana, Skolastika." Mimi, baba, ambaye nimekuwa nikipita kwa kuchechemea! Akaniweka kwenye orodha ya wanafunzi watakaowasilisha mbele ya wageni kutoka nchi zote za chuo, wiki ijayo. Na jambo lililomfurahisha ni hilo hilo, kwamba kwa wafugaji wa huku njaa haifiki. Mama ameshaitangazia jumuiya nzima. Kitenge kimeshashonwa.

Nikisema ukweli, nafasi hiyo imekwenda, na huenda nisihitimu na wenzangu, na ufadhili wangu unaisha mwaka huu. Nikinyamaza, nani atajua? Nani atatoka huko mjini aje kuhesabu moshi kwa Mzee Masanja?

Jana nilifungua kompyuta nikaanza kupika. Ndiyo, baba, kupika data, neno ulilokuwa ukilitamka kama tusi. Nikaugawa mji wa Mzee Masanja kaya nne, nikawajazia akina mama miezi ya njaa kwa kukisia tu. Huyu Desemba, huyu Januari. Vidole vilikwenda vyenyewe, na jinsi ilivyopendeza! Nilipofika mji wa tatu nikaifunga ile kompyuta kwa kishindo, nikakimbilia nyuma ya banda kutapika. Mama akadhani ni malaria.

Leo asubuhi nimemwandikia Daktari yote. Amejibu kabla sijamaliza chai. "Umefanya vema kusema. Nimekuondoa kwenye orodha. Rudi ukaulize upya. Ya kuhitimu tutazungumza." Tutazungumza! Wewe uliyezunguka ofisi za watu unajua neno hilo lina maana gani. Mama bado sijamwambia. Nauona mlango wa jikoni kutoka hapa nilipokaa, na naogopa kuinuka.

Lakini kuna jingine, na ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Kila Jumapili nilikuwa nakupigia simu baada ya misa. Nauliza, baba, mnaendeleaje huko? Unajibu, "Sisi hatujambo, wewe soma." Sisi! Umejibia nyumba nzima, na mimi nasema sawa, nafurahi, nakata. Miezi mitano ya ugonjwa wako, baba. Sikuwahi hata mara moja kusema nipe Mama niongee naye. Mama alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyekuwa akifua leso zenye damu. Ulimkataza asiniambie nisije nikaacha mitihani, na hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo akanyamaza na mzigo wake. Nilikuja kuambiwa njoo uzike.

Nilikuuliza wewe peke yako. Na wewe ukanidanganya, mdadisi mzima! Ungempata mkulima anakujibu hivyo ungezunguka nyuma ya nyumba ukamtafuta mkewe. Nimekukasirikia, baba. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nimekusamehe pia, lakini hasira ilifika kwanza, nawe unajua nimeirithi wapi.

Basi. Kesho asubuhi napanda basi la Laela. Nitakaa kwenye kigoda cha Mzee Masanja, nitanywa maziwa yake, na nitamwomba ruhusa mbele za watu niende kwa kila mama jikoni kwake. Akikataa nitarudi kesho kutwa. Miji yote kumi na mmoja, nakuahidi, hata kama nitamaliza wenzangu wote wamekwishaajiriwa. Ya chuo yatakuwa yatakavyokuwa. Naogopa, sikufichi. Naogopa sana.

Pumzika, baba. Hapa chini tutajitahidi.

Mama amepita sasa hivi, mkono mmoja kiunoni, anatembea kwa kujivuta. Nimemuuliza vipi, Mama. Amenijibu bila kugeuka, "Mimi sijambo, wewe andika."

Naweka kalamu chini. Namfuata jikoni.

Mwanao,
Skolastika