Nilimwambia Mume Wangu Amplifaya Yake Inaishinda Prosesa

Shangazi mpendwa, nisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze, maana najua nastahili.

Kazi yangu ni kujaribu vyombo vya sauti kwa niaba ya duka moja kubwa na kuandika tathmini, ukurasa mmoja unaobandikwa dukani ili mteja asome kabla ya kununua, na kwa miaka sita sijawahi kuandika nisichokisikia. Mume wangu ni fundi, wenzake humwita Koili, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Tulipooana alinitengenezea amplifaya kwa mkono wake, kasha la mbao, vipuri vya redio zilizokufa, na mpaka leo ndiyo inayoimba sebuleni, na naipenda.

Basi mwezi huu duka likanipa prosesa ya sauti ya sinema ya nyumbani, kile chombo kinachoigawia kila spika sauti yake, ya daraja la juu kabisa, niijaribu kwangu pamoja na spika kumi na moja, nne zikiwa darini. Shangazi, nimesikia vyombo, lakini hiki! Unaweka maikrofoni ndogo pale unapokaa, chenyewe kinapiga mluzi kutoka spika moja hadi nyingine, kinakipima chumba, kinajua pazia liko wapi na ukuta mtupu uko wapi, kisha kinajirekebisha. Nikaweka filamu, mlango ukafunguka nyuma ya sikio langu la kushoto, mtu akapita na viatu vya ngozi nyuma ya kochi hata nikageuka kumtazama. Besi haikuguruma kama lori, ilikuja kifuani taratibu ikaondoka bila kuaga, na kati ya neno na neno kimya kilikuwa safi hata nikamsikia mwigizaji anameza mate. Dosari ni menyu zake tu, ni msitu, unaingia hujui utokee wapi.

Ikaja mvua katika filamu, juu ya bati, ikaanza kwa tone mojamoja kule darini. Nikamsikia mume wangu akitupa koleo na kukimbilia uani, akaanua nguo zote kambani, na jua linawaka. Akasimama mlangoni, mashuka yamemfika kidevuni.

"Ni hicho?"

"Ndicho."

Akakaa, tukatazama nusu saa, na katikati ya filamu akasema, "Sauti ya huyo mzee imekaa chini, kama anazungumza na meza." Nikakagua, kweli spika ya katikati ilikuwa imeinama, nikaiinua, mzee akazungumza nasi. Kisha akaniuliza, "Mke wangu, wewe ndiye mwenye masikio. Hiki na changu, kipi zaidi?" Shangazi, ulimi ulitangulia akili: "Chako. Hiki kina mbwembwe tu."

Kumbe kesho yake akawaambia mafundi wenzake, na keshokutwa tena, na sasa mtaa wote wa mafundi unajua kwamba mtaalamu wa duka kubwa amesema amplifaya ya Koili inaishinda prosesa, na tathmini yangu inabandikwa Ijumaa. Nikiandika kweli namwaibisha, nikiandika uongo nawadanganya wateja na kukitukana chombo ambacho, Mungu shahidi, ndicho bora nilichowahi kukisikia. Nifanye nini?

Mwenye Masikio

SHANGAZI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Pole imekwisha, sasa kaa chini.

Umesikia mtu akimeza mate ndani ya filamu, lakini mumeo wa ndani ya nyumba hukumsikia! Mtu aliyekimbia kuanua nguo kwa mvua ya spika ameshatoa hukumu yake kwa miguu. Anajua. Anayeamini jambo hulisema mara moja akanyamaza; anayelirudia kila siku anajitafutia mashahidi. Wewe ndiye uliyemtuma huko, kwa sababu ulimwona mdogo kuliko ukweli.

Na nani alikwambia uvishindanishe? Kimoja kimetoka kiwandani kwa wataalamu wengi na vifaa vya kila aina. Kingine mtu mmoja alikitengeneza kwa vipuri vya redio zilizokufa kwa sababu anakuoa. Huna tathmini ya kuandika hapo, una shukrani ya kutoa. Halafu umenipitishia jambo kubwa kama mtu anayepitisha chumvi: prosesa ilipima chumba kizima na haikukwambia kwamba spika imeinama. Mumeo alikaa nusu saa akakwambia.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hamjala, mwambie, "Nilikudanganya." Usianze na "nilikuwa nataka tu." Mkalishe kiti cha katikati, mpe rimoti, nyamaza, aseme anachosikia. Andika tathmini yako kweli tupu, sifa zote na msitu wa menyu, na uandike kwamba kosa la spika liligunduliwa na fundi Koili. Wenzake wataisoma. Mtu haaibiki kwa kushindwa na kilicho bora ikiwa yeye ndiye aliyeweza kukisikia.

Kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu, majibu haya nilimtumia kwanza kwa simu. Gazeti lilikuwa bado halijachapwa alipopiga.

"Shangazi, nimemwambia. Alichukua rimoti, akakaa kiti cha katikati. Akasikiliza filamu yote mpaka majina yakaisha. Halafu akaniuliza, 'Nani amekitengeneza?' Nikamtajia kampuni. Akasema, 'Sikuulizi kampuni. Kuna mtu alikaa mahali, akasikiliza, akarekebisha, akasikiliza tena. Huyo.' Nikamwambia simjui."

"Ikawaje?"

"Akasema niandike chini kabisa ya tathmini kwamba fundi mwenzake anamsalimu."

"Umeandika?"

"Nimeandika, Shangazi. Imebandikwa asubuhi hii."