Mizani ya Ndege ya Jua

Alhamisi, 2 Julai 1953

Ndege ya Jua imetua saa tatu na dakika mbili. Toka Ndola mpaka hapa Mbozi, imechelewa dakika mbili tu! Lori la posta kutoka Tunduma huchelewa siku mbili, na dereva bado anaomba chai.

Abiria sita, mabwana wa migodi ya shaba na wake zao. Kofia za majani, miwani myeusi. Wanaruka mpaka Dar es Salaam ili walale mchangani waote jua. Watson, mjaza mafuta wetu, anasema kwao Tunduma mtu akilala chini mchana huitiwa mganga.

Mimi nawastaajabia wenye ndege. Kampuni yote ni ndege mbili, Bwana Pelham rubani, rubani mwenzake, na Bibi Pelham anayeandika tiketi. Basi. Lakini mpango wao! Hapa tuko juu, hewa ni nyepesi, na mwisho wa uwanja kuna mikaratusi mirefu, ndege nzito haiivuki. Kwa hiyo kila abiria hupimwa upya hapa, kwenye mizani ya chama cha kahawa. Leo alipanda meneja wa mgodi, akafuata fundi wake. Mizani ile ile. Nasoma mimi, naandika mimi, natia sahihi mimi. Uzito ambao karani hakuusoma kwa macho yake, Bwana Pelham haurushi. Nimefanya kazi ofisi tatu. Sijaona penseli ya karani ikiheshimiwa hivi.

Ijumaa, 3 Julai

Mke wangu Enesi karudi kutoka kwao Ihanda analia. Uvimbe tumboni mwa mama yake umekua. Daktari wa misheni kasema apasuliwe Dar es Salaam mwezi huu huu. Na asipande lori. Siku nyingi za mashimo zitamwua kabla ya kisu.

Enesi kakaa mlangoni, hata kitenge hajafungua.

"Baba Ruti, hiyo ndege yenu haina hata kiti kimoja?"

Ndege yetu!

Jumapili, 5 Julai

Ndege imerudi kutoka pwani, abiria wekundu kama nyanya, wanacheka. Nilimngoja Bwana Pelham amalize chai yake, nikamweleza. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi nisije nikababaika. Nikababaika.

Akafungua daftari lake. Alhamisi kiti cha nyuma ki wazi. Mama apande bure. Ila baada ya mizigo zinabaki ratili mia na kumi na mbili. Ikizidi hata moja, anaomba radhi, hawezi. Mikaratusi haimjui mgonjwa wala mzima.

Kwa neno hilo nimemheshimu zaidi.

Enesi anasema mama yake kakonda, hafiki hata mia. Ameimba jikoni leo, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumanne, 7 Julai

Nimeamka nikakumbuka — nitampimaje?

Miaka sita ya ndoa, na kwa mila yetu uso wa mama mkwe sijauona. Akija njiani naingia majanini. Nikija mimi, anajifunika na kugeuka. Hatujawahi kusemeshana. Jina lake silitamki, wala humu siliandiki. Sasa nimsimamishe mbele yangu juu ya mizani!

Watson kacheka mpaka kaweka pipa chini. "Karani wangu, mkweo utamwandika daraja la ngapi la kahawa? La kwanza, au zile za kuokota chini?"

Nikamwambia asome yeye. Kasema hesabu yake huishia kwenye vidole. Na hata angejua, sahihi ni yangu.

Mchana nimepata njia. Mkono wa mizani uko upande mmoja, ubao wa kusimamia upande wa pili. Katikati nitafunga kitenge kwenye waya. Yeye kule, namba huku. Enesi atakaa upande wa mama yake, maneno yapite kwake. Jina ataliandika Enesi mwenyewe kwenye orodha.

Bwana Pelham alituma ujumbe kwa simu ya upepo, yaani redio, kwa Kiingereza cha haraka, nikauandika wote bila kosa. Mkono ulikuwa imara. Namwomba Mungu uwe hivyo Alhamisi.

Alhamisi, 9 Julai

Saa tatu kamili. Kamili! Mama mkwe kaletwa kwa machela, kafunikwa kichwa mpaka miguu. Bibi mmoja wa kofia ya majani akauliza kama mgonjwa atakaa ndani pamoja nao. Bwana Pelham akamjibu kwamba nje kuna baridi. Kisha akaenda kukagua magurudumu. Mtu wa namna hii!

Saa tatu na nusu. Shida. Barua ya daktari imesahauliwa nyumbani, Enesi kaikimbilia. Watson yuko juu ya bawa anamimina mafuta. Wabeba machela wako ng'ambo ya uwanja. Karibu na mafuta hawaruhusiwi. Tumebaki wawili, mimi na pazia.

Nikasikia ubao ukilia. Kapanda mwenyewe. Nikasoma: 127. Nikasoma tena. 127.

Mtu aliyekonda hapati 127. Kajifungia kitu chini ya nguo. Lakini mkwe atamwambiaje mama mkwe afungue nguo?

Bwana Pelham kaonyesha saa yake. Dakika kumi.

Basi nikaiambia mizani. "Mizani, mwambie abiria mwisho ni mia na kumi na mbili. Anisamehe sana."

Halafu sauti, kavu kidogo, sikuwahi kuisikia: "Mizani, mwambie karani hizi ni karanga, na unga. Huko pwani nani atanipikia?"

Vifurushi vikashuka kimoja kimoja. Mkono wa mizani ukashuka. 117.

"Mizani, bado ratili tano."

Watson kafunga tangi, anashuka.

"Mizani, kilichobaki si chakula. Ni shuka zangu nyeupe. Nizikwe nazo. Sitaki kuzikwa na wageni kwa gunia."

Naandika haya nimesimama, mgongo kwenye pazia. Penseli ingeweza kuandika 112, na Bwana Pelham angeiamini. Ndiyo maana haiwezi.

Nimesema, na safari hii sikuiambia mizani: "Mama. Ziache hapa. Nitakutunzia, utazikuta ukirudi."

Injini ya kushoto imewaka. Natazama namba. 117. Nyuma ya kitenge nasikia fundo la zile shuka linafunguliwa, au linakazwa —