Pikipiki Sita Juu ya Handaki Lililofungwa

Shule ya Msingi Pumacancha,
Ancash, Peru.
14 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Florencio,

Hujambo huko Antofagasta? Kifua kinaendeleaje? Wakati wa Krismasi ulituambia vumbi la mgodini linakukohoza usiku kucha, na tangu hapo Mama hawezi kukaa mezani bila kulitaja jina lako. Nijibu hilo kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

Sisi wazima. Mama goti linamsumbua kwa mvua hizi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Otilia wangu anakusalimu, na viazi mwaka huu vimetoka vikubwa kama ngumi.

Usidhani tumekususa kwenye simu. Jumatatu ya wiki iliyopita dari la handaki la Yanamarca liliporomoka, na waya wa simu ulipita humo humo. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Maofisa wa barabara walikuja wakaziba mlango kwa mawe ya zege, wakasema tusubiri miezi miwili. Barabara ya bondeni nayo haipitiki, daraja limechukuliwa na mto. Tulibaki kama kuku ndani ya tenga.

Na Jumapili ya wiki ile ile ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, mjini Huaraz. Watoto sita wa hapa walikuwa wamejiandikisha, mwanangu Yessenia mmoja wao, na Rusbel wa dada yetu Hermelinda pia. Unakumbuka mwaka jana Yessenia alikosa kwa alama tatu? Mwaka mzima amesoma akiwa amejifunika blanketi, miguu ndani ya beseni la maji moto. Jumatano alirudisha vitabu vyote kabatini. Mimi mwalimu wa watu, nilitoka nje nikamwacha.

Hermelinda ndiye aliyetenda. Tulikuwa uwanjani, wanaume karibu ishirini, tunawalaani maofisa. Akaja na pikipiki yake ile ya kuuzia mikate, kafunga sururu na koleo badala ya vikapu.

"Naenda kuiangalia barabara ya zamani," akasema.

Barabara ile ya juu ya mlima haijapitwa na gari tangu handaki lifunguliwe, miaka kumi na miwili sasa. Watu walicheka. Mmoja akamwambia, "Hermelinda, ukifika kwa malaika utusalimie!"

"Nitawasalimia. Nitawaambia nimewaacha mmekaa hapa kama magunia ya viazi."

Alirudi jioni na matope hadi kwenye nyusi. Alikaa jikoni kwetu, akanywa supu mabakuli mawili, ndipo akaeleza. Barabara ni nzima hadi karibu na kilele, kisha mlima umeila kipande chote, chini ni korongo. Alitaka kurudi. Lakini pale pale miguuni pake aliona mavi ya kondoo, mabichi. Akajiuliza, kondoo hawa wamepita wapi? Akaacha pikipiki, akayafuata kwa miguu, yakampandisha juu ya poromoko, yakampitisha kando ya ziwa dogo, yakamshusha barabarani upande wa pili. Aliipita njia ile kwa miguu mara tatu. Mara ya nne akapita na pikipiki. Kwenye kinamasi ilizama hadi katikati ya magurudumu, akakata nyasi za mlimani, akazifunga mafungu, akazitandika chini kama zulia.

"Njia ipo, kaka," akaniambia. "Si nzuri. Ipo."

Ijumaa tulipanda wazazi kumi na mmoja na masururu. Zile nyasi alizotandika mwenyewe nilizihesabu, Florencio: mafungu sitini na manne. Na kila palipo na hatari alikuwa ameacha mawe matatu yamebebana. Nilisimama pale nikamfikiria huyu dada yetu, peke yake, hewa haitoshi hata ya kuwashia kiberiti, na sisi wanaume tuko uwanjani tunalalamika.

Jumamosi zilikuja pikipiki sita, kila moja na mtoto nyuma. Hermelinda alikuwa amezifungua vichujio vya hewa moja moja ili injini zipumue, hata hivyo zilipanda zikikohoa kama wazee. Mwanawe Rusbel alimpakia kwa jirani. Yessenia, ambaye kizunguzungu humshika hata juu ya ngazi, alimchukua mwenyewe.

Pale juu ya poromoko, sisi wazazi tulipokuwa tukizingoja, ilianza mvua ya mawe. Tulifunga kila pikipiki kamba, watu wanne tukaibeba, na watoto wakapita nyuma yake kwa miguu. Yessenia aliganda katikati. Kitambulisho na penseli zake alikuwa kavikumbatia kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Sikuweza kumfikia.

"Usitazame chini, mwanangu," shangazi yake akamwambia. "Tazama mgongo wangu. Umeona ulivyo mpana? Haya, mguu." Kisha, bila kugeuka: "Na wewe kaka, ukitaka kulia, lia, ila kamba usiachie."

Walipita wote.

Jumatatu mchana tulisikia pikipiki inashuka. Matokeo yalibandikwa ukutani chuoni Jumapili jioni, na Hermelinda alitangulia kutuletea habari. Alivua glavu akanifungulia kiganja. Kulikuwa na majina manne kwa kalamu ya wino, na la Yessenia lilikuwa la kwanza, wa thelathini na nane kati ya arobaini waliochukuliwa. Nilimkumbatia, nikapiga kelele, Otilia akatoka mbio na mwiko mkononi. Ndipo nikakisoma tena kile kiganja. Rusbel hakuwemo.

Yeye akavaa glavu yake.

"Mwakani," akasema. "Njia si anaijua sasa."

Halafu akaomba maji, akaenda kuwapa habari wale wazazi wengine, nyumba kwa nyumba, wa waliofaulu na wa yule mwingine ambaye hakufaulu. Kwa huyo alikaa kuliko kote.

Tangu siku ile muuguzi anapita huko juu, wauza jibini wanapita, jana kapita hata padri, amekunja kanzu hadi magotini. Hermelinda anawasindikiza hadi mtu azoee.

Mama anakubariki na kukuombea kila asubuhi. Wasalimie mkeo Mirtha na mapacha, na binamu Hilario ukimwona. Mungu akuponye kifua na akurudishe kwetu ungali na nguvu.

Naishia hapa, maana Hermelinda yuko mlangoni na injini inaunguruma, barua anaipeleka posta yeye. Ananipigia honi kwa mara ya tatu.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kukungoja,
Abdías