Jina la Babu Nililolirudisha

Cape Town, siku ya ukungu

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Naiandika shikamoo hii kwa wino ikufikie nzima, maana ile ya simu hukatika kabla hujaitikia marahaba. Goti lako linaendeleaje? Unalipaka yale mafuta ya karafuu, au umeshampa jirani tena? Na mwani umekubali msimu huu, au maji ya moto yameuchoma kama mwaka jana? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka. Si ugonjwa. Ni uchovu wa mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri, akafika dirishani akaambiwa arudi kesho.

Saumu mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma yote kama yalivyoandikwa, usiruke mahali ukidhani unamhurumia. Nakujua.

Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Ukunda anayerudi nyumbani moja kwa moja, baridi imemshinda. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu sisi hatuzungumzi, Mama. Unaniuliza, "Umekula?" Nakujibu nimekula. Unasema haya. Kisha kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake mpaka mtandao unatuonea huruma na kukatika.

Huku mji umekaa chini ya mlima, na wingu likishuka hata jirani humwoni. Karatasi zangu za ukimbizi bado nazifuatilia. Karani hutazama kitambulisho changu cha Kenya, hunitazama mimi, hukitazama tena, kisha humwita mwenzake naye aje atazame. Nimezoea, lakini kuzoea nako kunachosha. Na wao pia, kama nyinyi huko, wana uchaguzi karibuni. Ukutani wamebandika picha za wagombea, na mmoja wao anaahidi kutuondoa sisi wageni ili kazi zipatikane. Nikamwambia mwenzangu wa kazini, kila penye kura lazima apatikane wa kusingiziwa. Akacheka, lakini alikuwa ameshaelewa.

Kazi ni ile ile ya ukumbi wa sinema. Nachana tikiti mlangoni, na onyesho likiisha nafagia bisi. Ni ukumbi mdogo wenye viti vilivyochakaa, na filamu wanazoonyesha wewe ungeuliza zitaanza lini. Kuna moja mwanamke anasimama dirishani akingoja chai ichemke. Nje ukungu, maji yanadondoka kwenye bati, hakuna anayesema neno. Basi, ndiyo hiyo. Na mimi nasimama nyuma na fagio langu nimesahau hata kufagia, nahisi kama nimekaa jikoni kwetu mvua ya masika ikinyesha. Unalikumbuka lile banda la video la pale stendi, ulilokuwa ukija kunitoa kwa ufagio? Wenzangu walikuwa wakipiga kelele, songesha mbele, songesha mbele, kila watu walipoacha kupigana. Mimi nilikuwa nikivumilia hayo mapigano nifike kwenye upepo na miti. Walinicheka sana. Wallahi, Mama, kuna watu huku wanalipa kuja kuutazama upepo.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu.

Ile picha mwenzangu alinipiga chini ya taa za sinema, nimevaa gauni la kijani na mtandio. Nilimtumia Saumu peke yake. Saumu akapendezwa, akaiweka kwenye simu yake watu waione, na mtu akaichukua akaitia kwenye kundi la kijiji. (Saumu, sikulaumu, endelea kusoma.) Maneno yaliyoandikwa chini yake siyarudii, na nakuomba usimuulize mtu.

Wangeniacha na picha yangu kama si kura. Ulinieleza mwenyewe mlivyokaa nyinyi wakulima wa mwani, wewe ukiwa mwenyekiti wao, Waislamu kwa Wakristo, Wadigo na waliotoka bara, mkakubaliana safari hii msigawe kura. Zote ziende kwa Bi Riziki, mkunga mstaafu, awe mwakilishi wa wadi, zahanati ifunguliwe, wajawazito waache kubebwa na bodaboda hadi hospitali ya Msambweni. Nilifurahi kukusikia ukisema "sisi" kwa sauti ile. Basi wale wa upande wa pili wakatafuta ufa, na ufa ukawa mimi. Wakapita nyumba kwa nyumba: mkimchagua Bi Riziki mnamchagua mwenyekiti wenu, na mwenyekiti wenu si mmeona alichokizaa?

Ndugu yangu Hamisi ndiye aliyenipigia, kutoka kwenye malori yake Lunga Lunga. Hakunitukana, nampa haki yake. Alisema kina mama wameanza kujitenga, na wameitisha kikao kwenye banda la kuanikia mwani ili wewe usimame useme huna mtoto kama mimi. Ukisema hivyo, umoja utabaki. Usiposema, kura zinamwagika. Na mkewe ana mimba kubwa, hilo hakulisema ila nilikuwa nalijua. Kisha akauliza, "Nimwambie nini Mama?"

Nikamwambia, mwambie anikane. Ni maneno tu, mimi niko mbali, sitayasikia.

Nilisema uongo, Mama. Nilijua nitayasikia. Na ngoja niseme na la uchaguzi uliopita, kwa vile hatujawahi kulisema. Pale shuleni, mashine ilikipokea kidole changu, jina likatokea. Lakini karani akaitazama sura, mawakala wakapiga kelele kwamba huyu si mwenye kitambulisho. Mstari mzima ukageuka. Ni mama mmoja tu, simjui hata jina, aliyesema mwacheni apige, jua kali. Wewe ulikuwa umeshapiga, wino ungali mbichi kidoleni, umesimama kando ya mlango. Ukatazama mchanga. Mimi nikatoka bila kupiga kura, na mwaka haukuisha nikaondoka kwetu Majoreni. Nimewaambia watu hapa kwamba sikukulaumu. Nilikulaumu. Nilikulaumu sana.

Kwa hiyo siku ya kikao nilikwenda kazini nikijua tayari mwisho wake. Nilichana tikiti nikiwatazama watu mikono tu. Adhuhuri walionyesha ile ya mwanamke na chai, nami nikashindwa kuitazama. Watu walipotoka nikaingia kufagia, na hapo ndipo Saumu akapiga.

Alianza kunieleza haraka haraka, nikamkatiza. Nikamuuliza, kulikuwa na upepo? Mwani ulikuwa umeanikwa au umekusanywa? Akakasirika akaniambia, kwani wewe unataka maneno ama unataka upepo? Nikamwambia nataka vyote, nianzie mlangoni. Basi akanieleza, masikini, ingawa hana subira. Kwamba mvua ilikuwa kubwa, mwani wote umerundikwa ndani, banda linanuka bahari. Kwamba kina mama walikaa makundi mawili na katikati wakaacha nafasi. Kwamba uliitwa, ukasimama, na mvua ikipiga bati hakuna ambaye angekusikia, basi ukangoja. Hukukaa. Hukusema. Ulisimama na goti lako hilo, leso umeifunga kiunoni, ukiwatazama mmoja mmoja mpaka mvua ikakatika. Saumu anasema kulikuwa kimya mpaka watoto waliacha kulia. Mama, mimi nimetazama filamu nyingi za ukimya. Hiyo ndiyo ambayo ningetoa chochote niione.

Kisha ukasema: "Nilizaa, nikampa jina la baba yangu. Jina amelirudisha. Mtoto sijamrudisha kwa mtu."

Na ukaongeza kwamba zahanati ikifunguliwa, hakuna mwenye uchungu atakayeulizwa mlangoni mtoto wa mwenyekiti ni nani.

Saumu anasema waliondoka wengine, wakajitanda leso zao bila kuaga. Waliobaki walitazamana. Ndipo Mama Mutua, yule wa bara mwenye kibanda cha maandazi, akasema tuendelee, ajenda ilikuwa zahanati. Na wale waliobaki wakasogea, wakaijaza ile nafasi ya katikati. Nilimuuliza Saumu kama watatosha kumpitisha Bi Riziki. Akasema hajui, na mimi pia sijui. Mkishindwa, watasema ni kwa sababu yangu, na wewe ndiye utakayeishi nao. Hilo linaniuma kuliko picha.

Nililia, Mama, nimekaa kwenye kiti cha watu, fagio mapajani. Meneja akaja akaniona akarudi zake.

Sitaki ujidanganye kwamba sasa mambo ni mepesi. Bi Riziki ashinde asishinde, kitambulisho changu bado kitakuwa na sura ya mtu mwingine, na siku nikirudi kupiga kura mstari utageuka tena. Sisi wanawake tulioitwa wavulana tulipozaliwa, ambao Nairobi wanatuita transjenda, hatuombi kuchezewa ngoma kama mwali. Tunaomba kupanga mstari kama watu, tupige, twende nyumbani tukapike. Sijui nitaliona lini, na kuna siku nachoka hata kulitaka.

Lakini kuna jambo moja naweza kukuomba, na ni dogo. Nilipokuwa na jina la babu ulikuwa ukiniita "baba", kama kila mwanamke wa kwetu anavyomwita mtoto aliyemrithi mzazi wake. Baba, njoo ule. Baba, umenawa? Nami nilikuwa nikikaza sauti, najifanya mzee, nakujibu, "Naam, mwanangu," nawe unacheka mpaka unaweka mwiko chini. Tangu nilipolirudisha jina lile hukuniita kitu. Ni "umekula?" tu, bila kumtaja mwenyewe. Mimi nilipochagua jina langu, sikulitoa kwenye filamu, sikulitoa kwa wazungu. Nilichukua la mama yako, Bibi Mishi. Unajua vizuri mtu mwenye jina hilo wewe unapaswa umwite nani. Sikulazimishi. Nimelisema tu, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Nisalimie Hamisi, mwambie sina kinyongo, na mkewe nampa pole ya mzigo, Mungu amjaalie ateremke salama. Msalimie Mjomba, hata kama hataitikia. Mpelekee salamu Bi Riziki, na Mama Mutua umwambie namkumbuka yeye na maandazi yake ya iliki. Saumu, wewe nakubusu, na hiyo picha iache hapo hapo.

Goti lipakwe mafuta. Nakuombea usingizi.

Mimi mwanao,
Mishi

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua. Nimeona ujumbe wako wa sauti sasa hivi, wa leo asubuhi, wala barua hii hujaiona. Nimeusikiliza nimesimama mlangoni watu wakinipita na tikiti zao. Nyuma kuna jogoo, na mtu anakuna nazi. Kisha wewe, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu: "Mama, umekula?"

Nimekula, mwanangu.